Dayodi za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hajawahi kuniona uso vizuri, wala mimi sijawahi kumwona wake. Kwa bahati mbaya tumekutana mara chache, na mara hizo kila mmoja aligeuka haraka kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Tunaishi kwenye uwanja mmoja huku Bujonde, nyumba yake na yetu zimepeana migongo, jiko liko katikati. Yeye kabla ya kukata kona anakohoa. Nikisikia kikohozi kile najibanza nyuma ya jiko, au kama nina ndoo kichwani nageukia migomba na kusubiri apite. Wanyakyusa wanaita ukutila. Mkamwana anamcha baba mkwe wake, baba mkwe anamcha mkamwana wake, hawaonani, hawasemeshani, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Neno likiwepo, mama mkwe analibeba.

Najua mnataka kuuliza: siku hizi? Ndiyo, siku hizi hizi. Wapo wanawake wa rika langu wanaopakiwa pikipiki moja na baba wakwe zao kwenda kanisani, wamewashika na kiuno, na dunia haijapinduka. Lakini mzee wangu ni mzee wa kanisa na ni Mnyakyusa wa zamani kwa wakati mmoja, na haoni kwa nini kimoja kimwondoe kingine. Mume wangu aliniambia kabla hatujaoana, "Kama hutaweza, sema sasa." Nikamwambia sijaumbwa nishindwe na kona ya nyumba.

Tabu yangu haikuwa kona. Tabu ilikuwa ulimi. Mimi nimezaliwa ziwani, karibu na Lyulilo, na mama yangu mzazi anafinyanga vyungu. Kwetu mteja akija sokoni anainua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, na kama kina ufa anakwambia usoni, mama, hiki kibovu. Hakuna anayelia. Unampa kingine, mnaendelea kupiga soga. Ulimi huo ndio niliokwenda nao kwenye kazi yangu. Nina kibanda Kyela mjini, natengeneza redio, simu, chaja, feni, chochote chenye waya. Mtu akiniletea simu iliyozama kwenye jaruba la mpunga simwambii tutaona, namwambia imekufa, azike. Halafu jioni narudi kwenye uwanja ambao hakuna mtu anayesema kibovu. Kila kitu ndaga, yaani asante, kila kitu kizuri. Mwaka wa kwanza nilidhani nitapasuka.

Gitaa ndilo lililoniokoa. Baba mkwe alikuwa mpiga gitaa la kwaya tangu ujana wake, na kila alasiri akitoka kwenye kakao alikaa upande wake wa nyumba, akachomeka kwenye amplifaya ambayo ubao wake umeliwa na mchwa, akapiga. Mimi niko jikoni nachambua mchele, nasikiliza. Nikamjua mzee yule kwa sikio. Nilijua siku aliyobishana na kamati ya kanisa, kwa sababu nyuzi nene zilikiona cha moto. Nilijua siku aliyofurahi. Nilijua hata kwamba ana soni, maana akikosea kidogo alikuwa anacheka peke yake kisha anaurudia wimbo mwanzo. Kuna alasiri nilikuwa nalilia kwetu na gitaa lile likanikalisha hadi machozi yakakauka. Nilimpenda mzee yule. Nasema wazi, kwa sababu watu wanadhani mtu usiyemtazama humpendi.

Kisha akapata kiharusi. Kilimkuta asubuhi shambani, kwenye tope, na mume wangu ndiye aliyembeba. Mungu alisaidia, alirudi. Maneno yalirudi yote, mguu ulirudi na fimbo yake, ila mkono wa kushoto ulirudi nusu. Na gitaa, kwa asiyejua, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Kidole kisipobana sawasawa uzi hauimbi. Unasema tk, basi.

Nikawa nasikia hiyo tk kutoka jikoni. Wimbo unaanza vizuri, unatembea, unafika pale ambapo kidole cha pete kinatakiwa kushika sauti moja ndefu, tk. Anarudia. Tk. Anarudia tena. Halafu nasikia gitaa likilazwa kwenye kiti. Mara nyingine nilikuwa nimeshika mwiko na chakula kinaungua, namsubiri apite pale, na hapiti.

Jioni moja nikamsikia anamwambia mama mkwe, "Yule bwana wa Njisi nimempa neno. Atakuja Jumamosi ya juma lijalo kulichukua gitaa." Alisema kwa utulivu, kama anayezungumzia mbuzi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikajiambia, akiliuza lile amekwisha. Sikuwa nafikiria kifo. Nilikuwa namwona atakavyokaa kwenye kile kigoda, anatazama kakao ikikauka kwenye mikeka, siku baada ya siku, mpaka awe sehemu ya kigoda. Na mimi je? Ningejuaje kama ameamka vizuri?

Nikaamua kumtengenezea pedali. Ni kijisanduku unachokipitishia sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya, unakikanyaga kwa mguu na sauti inabadilika, inakuwa ya kukwaruza na kudumu. Vijana wa bendi wanaipenda kwa ajili ya kelele. Mimi niliitaka kwa ajili ya kudumu. Mzee anayeshindwa kushika sauti ndefu, si nimtafutie kitu kitakachomsaidia kuishika?

Siri ya kijisanduku hicho ni dayodi. Kwanza sauti unaikuza, unaikuza kupita kiasi, halafu dayodi mbili zinazotazamana zinaikata vichwa. Mmewahi kuona mpunga unapopimwa kwa debe? Unajaza mpaka kilima kinasimama juu, kisha mtu anapitisha kijiti mdomoni mwa debe, kilima kinaanguka, unabaki usawa. Dayodi ndiyo kijiti. Sauti kubwa na sauti ndogo zote zinatoka zikiwa usawa mmoja, ndiyo maana hata mlio dhaifu unaonekana una nguvu na unakawia kufa. Na kila aina ya dayodi inakata kwa kimo chake.

Mimi nilikuwa na za aina tatu. Zile nyeusi za silikoni ninazo mkebe mzima, nazitoa kwenye chaja zilizokufa. Zile za kioo, ambazo watu wa vitabu wanasema ni za gerimaniamu, nilizitoa kwenye redio ya zamani sana ya mbao ambayo mwenyewe aliiacha kibandani kwangu asirudi tena. Hizo zinakata chini kabisa, mapema, kwa upole. Za tatu ni taa ndogo nyekundu, hizi za kwenye tochi na redio. Taa nayo ni dayodi, ila inakata juu, inaiacha sauti iwe kubwa na pana kabla haijaigusa.

Siku mume wangu alipompeleka baba hospitali kwa mazoezi ya mkono, nikamwomba mama aniletee gitaa na amplifaya. Akavileta, akakaa mlangoni kulinda kana kwamba tunaiba. Nilikuwa na saketi yangu mezani, nabandika dayodi, napiga, nabandua, nabandika nyingine. Mimi si mpiga gitaa, najua kuchapa uzi tu. Nikawa nabana kizembe makusudi, kwa kidole cha pete, kama yeye.

Zile nyeusi zilitoa sauti yenye meno, ya kukera kidogo. Taa nyekundu zilikuwa kubwa na wazi, na kila nilipobana kizembe uzembe wote ulisikika hadi barabarani. Nikazibandua bila kufikiri mara mbili. Lakini zile za kioo, jamani! Sauti ilikuwa laini, ya chini, nene kidogo, na pale nilipobana vibaya ilifunika. Usingejua kidole kipi kizima na kipi kigonjwa. Nikamwambia mama, "Hii hapa."

"Zote kelele," mama akasema.

"Hii inasitiri, mama. Sikiliza."

"Inasitiri kelele."

Basi, hakuwa mtu wa kumuuliza. Mimi niliridhika. Niliona mgonjwa anataka kusitiriwa, na nikamchagulia stara. Nikaifunga saketi kwenye bati nililokata kutoka kwenye king'amuzi kibovu, nikaweka betri mpya ile ya mraba, nikaweka swichi ya kukanyaga. Ukiikanyaga, betri inaamka na sauti inapita ndani. Ukiiacha, sauti inapita pembeni na betri inalala. Nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, nikampa mama ampelekee.

Alirudi hata sijamaliza kukunja waya. "Amesema ndaga fijo. Amesema ni nzuri sana. Amesema mkamwana ana akili."

Nilifurahi hadi nikaona aibu. Kesho yake kibandani nilimtengenezea mtu redio huku naimba. Siku hizo nilikuwa narudi jioni kabisa, saa zake za kupiga zimeshapita, kwa hiyo nilikuwa namuuliza mama.

"Amepiga leo?"

"Amepiga."

"Inasikikaje?"

"Inalia."

Kwa mama gitaa linalia, ndoo ikianguka inalia, mbuzi analia. Nikaridhika hivyohivyo.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nyumbani. Nikamsikia anachomeka. Nikaacha kila kitu, nikakaa kwenye kinu kilicholala, nasubiri sauti yangu ya kioo. Wimbo ukaanza, ukatembea, ukafika pale pale. Tk.

Sauti ilikuwa kavu, ileile ya siku zote. Nikafikiri waya umekatika, risasi ya kulehemu haikushika, kazi yangu imenidhalilisha. Alipokwenda kulala kidogo nikamwambia mama aniletee kijisanduku nikikague. Nikakifungua. Waya wote mzima. Nikaipima betri kwa mita, na namba niliyoiona ilikuwa ileile niliyoisoma siku ninaifunga. Haikushuka hata nukta. Betri inayotumika inashuka, hata kama ni kidogo. Hii ilikuwa imelala juma zima.

"Mama, baba hatumii hiki kitu!"

"Alikikanyaga siku ile ulipokileta," mama akasema, anamenya ndizi wala hanitazami. "Akapiga kidogo. Akakifuta vumbi kwa shati lake, akakiweka juu ya kabati."

"Sasa mbona alisema nzuri sana?"

"Ulitaka asemeje?"

"Aseme mbaya! Kama ni mbaya aseme mbaya!"

Mama akaweka kisu chini. "Wewe tangu uje hapa, sahani yake imewahi kurudi na chakula?"

"Haijawahi."

"Unakumbuka ule mchuzi wako wa kwanza wa kambale? Ulikuwa chumvi tupu. Mimi nilimwaga wangu kwa kuku, na kuku wakaondoka. Yeye alikula wote, akanywa maji mtungi mzima, akasema niseme ndaga."

Loo! Nilikaa. Miaka yote ile najisifu kwamba baba mkwe wangu anapenda mapishi yangu. Kisha hasira ikanipanda, nikasema katika nyumba hii mtu anaweza kufa kwa adabu, nikasema nitajuaje kitu kama haniambii, nikasema heri kwetu ziwani watu wanakugongea chungu chako mbele yako. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa, kisha akacheka, mwanamke yule, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Punguza sauti," akasema, "utamwamsha, halafu atatoka aseme una sauti nzuri."

Hasira ilipopoa ndipo nikaona nilipokosea. Nilipeleka ile pedali kama ninavyopeleka sahani. Imefunikwa, imepambwa, imekamilika. Kwa mzee wangu kitu kilichotoka kwa mkamwana kikiwa kimekamilika hakina njia nyingine ila kupokelewa kwa shukrani. Hata kingekuwa nyoka angesema ndaga. Kama nilitaka neno la kweli, ilibidi nisipeleke zawadi. Ilibidi nipeleke kazi ambayo haijaisha.

Kibandani nilikuwa na feni ya mezani iliyoungua mota. Nikaitoa swichi yake ya kuzungusha, ile yenye sifuri, moja, mbili, tatu. Nikafungua kijisanduku upya. Kwenye moja nikaunga zile nyeusi, kwenye mbili zile za kioo, kwenye tatu taa nyekundu, na sifuri haina dayodi. Ndani kukawa kumebanana, taa hazina pa kukaa, nikatoboa bati juu nikazichomoza kama macho mawili ya mdudu. Kwa kweli hiyo namba tatu niliiweka kwa sababu swichi ilikuwa na nafasi. Akilini mwangu mashindano yalikuwa kati ya moja na mbili. Safari hii sikupiga msasa. Waya mmoja niliuacha unaning'inia makusudi, nikaufunga kwa gundi ya karatasi.

"Mama," nikasema, "usimwambie nimempa. Mwambie kuna kazi imenishinda. Mwambie mimi ni fundi wa chaja, sina sikio la gitaa, naomba sikio lake. Na usimuulize ipi nzuri. Muulize katika hizi namba ipi mbaya."

"Ipi mbaya," mama akarudia.

"Akisema zote nzuri, mwambie basi nitaivunja nianze upya."

Mama alinitazama kwa muda kama mtu anayenipima. Kisha akaichukua, akaenda.

Safari hii hakurudi haraka. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. "Amekipokea."

"Akasemaje?"

"Amekaa kimya. Hajasema hata ndaga."

Sikujua nifurahi au niogope. Labda nimemkosea. Labda kumwomba mzee wa watu atamke neno baya juu ya kazi yangu ni utovu wa nidhamu mkubwa kuliko kumtazama. Ijumaa nilifunga kibanda mapema nikarudi, na nilipofika kwenye migomba nikasikia ile swichi ya feni. Ka. Ka. Alikuwa anazungusha. Anapiga sauti moja, anazungusha, anapiga ileile. Halafu akaiacha namba moja na sikusikia tena akiirudia. Halafu mama akaniita nikamsaidie kuanua kakao kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na ngurumo zikafunika kila kitu. Siku ikaisha bila neno, na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mtu wa Njisi.

Alikuja kabla ya mchana, kwa pikipiki, na blanketi la kulifunikia gitaa. Nilimsikia anavyosalimia, mtu mchangamfu, mwenye kicheko, mpiga gitaa wa kwaya ya kwao. Sikuwa na sababu ya kumchukia, nikamchukia. Mama akaketi nao. Mimi nilikuwa jikoni napika wali na samaki mbasa kwa ajili ya mgeni, na jiko letu ni la mianzi, udongo umeshadondoka pengi. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka mgongo wa baba mkwe wangu, nimeupa kisogo ukuta kama inavyotakiwa, na masikio yote yako huko.

"Mzee, nilisikie kwanza kidogo?" mgeni akasema.

Baba akachomeka. Akapiga kavu, mgeni akaitikia tu. Kisha nikasikia mguu ukikanyaga, na swichi ikazunguka mara mbili, na sauti yangu ya kioo ikajaa uwanjani. Laini, nene, imetulia. Wimbo ukafika pale pabaya, ukapita. Hakuna tk. Hakuna aliyejua kitu.

"Eee! Hapo hapo, mzee! Usiguse!" mgeni akapiga kelele. "Hiyo ndiyo yenyewe. Kidole kimepona!"

Nilifumba macho. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo, ni ya kioo.

"Hakijapona," baba akasema. "Hii namba mbili inanidanganya. Nzuri kwa mtu mwenye vidole vyake. Mimi inanificha mpaka mwenyewe sijisikii. Nitapiga hivi mwaka mzima na mkono utakufa huku nacheka."

Swichi ikasema ka. Sauti ya taa ikatoka, kubwa, wazi, haina huruma. Wimbo ukatembea, ukafika, na kidole kikakwama, na wote tukasikia kilivyokwama.

"Sasa tazama hapa," baba akamwambia mgeni. "Tazama hizi taa mbili. Nikibana sawasawa, zinawaka. Ona. Kidole cha kwanza, zimewaka. Cha pili, zimewaka. Cha pete…" Tk. "Hazikuwaka. Umeona? Alhamisi nilikaa nacho mpaka mkono ukauma, hazikuwaka hata mara moja. Leo asubuhi ziliwaka."

"Ziliwaka?" Alikuwa mama aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Ziliwaka kidogo. Mara moja."

Mimi hizo taa nilizitoboa juu kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi. Hata wazo la kuwaka halikunijia. Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria, mvuke unanichoma mkono, na sikuutoa.

"Basi mzee," mgeni akasema, "niuzie na hicho kijisanduku."

"Gitaa siuzi."

"Mzee! Tumekubaliana!"

"Tulikubaliana, na unisamehe. Nilikubali kabla sijapata kazi. Utakula wali, utarudi na blanketi lako."

Mgeni alinung'unika kidogo, halafu kicheko chake kikamshinda. "Na huyo fundi yuko wapi, na mimi anitengenezee?"

"Yuko humo jikoni. Hutamwona. Hata mimi simwoni."

Wakacheka wote watatu. Mimi sikucheka, machozi yalikuwa yananitiririka kwenye wali wa watu. Kisha kicheko kikaisha na baba akasema, kwa sauti ya kawaida lakini kubwa zaidi ya ile ya kumsemesha mgeni, "Mama, mwambie fundi. Namba moja mbaya. Namba mbili mbaya kuliko zote, aitoe. Namba tatu iko karibu, ila nyuzi nene zinanguruma mno, zinameza nyingine. Bado haijawa."

Mbaya, mbaya kuliko zote, bado haijawa. Kwa miaka yote niliyoishi kwenye uwanja ule hakuna neno lililonifikia tamu kama yale. Nikasikia kanga ya mama ikichakarika, ananyanyuka aje kunipa ujumbe, ambao sote tulishausikia. Sikumsubiri. Sijui kilichonisukuma, na mama mpaka leo anasema ni kiburi cha ziwani. Nikageuza shingo kuelekea ukutani, nikasema, "Nimesikia, baba. Nitapunguza besi."

Mama akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko nikisubiri kusikia kiti kikisukumwa upande wa pili wa mianzi, mzee akiinuka na fimbo yake aende zake.

Hakuinuka.

"Kidogo tu," akasema. "Usiimalize yote."